Programu ya Ukoo wa Mzee Severini

Kipatimu, Kilwa
Jumapili, baada ya misa

Dada mpendwa Skolastika,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia hata kabla hujafika mstari huu, kwa hiyo naongeza na shikamoo yangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, ule mguu uliokuwa ukikusumbua kwa kusimama dukani kutwa umepata nafuu, na joto la hapo Rasbura, Lindi, limewahurumia kidogo. Sisi huku hatujambo. Baba anakohoa asubuhi tu, na akishapata chai anasahau kama alikuwa anakohoa. Mama magoti yanamuuma, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama ni wewe utakayemlimia. Machungwa ya bondeni yameanza kuiva. Barabara ni ile ile unayoijua: gari likianza kupanda, abiria wanashuka na kulisukuma kwa sala.

Utashangaa kuona barua katika siku hizi za simu. Ukipiga simu, Mama huweka sauti kubwa ili wote tusikie, na hata jirani anayepita huingia kukusalimia. Ninalotaka kukuambia halifai sauti kubwa. Nimemwomba Mwalimu Haruna, anayetufundisha kompyuta, aibebe anaposhuka Lindi kwenye semina, na ameahidi kuiweka mikononi mwako wewe mwenyewe.

Ombi langu ni moja, dada. Nakuomba uje kwenye jubilei ya ndoa ya Baba na Mama. Najua umeshasema kazi ni nyingi. Nakuomba usirudie jibu hilo kabla hujasoma mpaka mwisho, kwa sababu kuna jambo nimeligundua juu yako na juu yangu, na nimeligundua kwa ile kompyuta uliyonipa. Nikikuambia bila kukueleza habari za kompyuta yenyewe utadhani nimesikia umbea kisimani. Kwa hiyo nivumilie, nianzie mbali kidogo.

Siku kompyuta ilipofika, imelazwa katika gari la machungwa lililokuwa likirudi tupu kutoka Somanga, ilikuwa imezungushiwa godoro kuukuu na kufungwa kamba, na Baba alidhani umetuletea mgonjwa. Wanaume wawili waliibeba. Kioo chake ni kizito kama jiwe la kusagia, na herufi R haishuki mpaka uikandamize kwa kidole gumba. Najua tajiri wako alitaka kuitupa alipoleta mashine mpya, nawe ukaiomba kwa ajili yangu. Mwanzoni niliitumia kuandika matangazo ya Jumuiya, na watoto walikuja kutazama picha. Lakini mimi nilitaka kujua jinsi ya kuipa kazi mwenyewe, yaani kuandika programu.

Shuleni tuna mwenzetu mmoja, Jafari, ambaye baba yake ana duka na amemnunulia kompyuta mpya ya kukunja. Nilipomuuliza, Jafari alisema kuandika programu si kazi ya mashine kama yangu. Alisema unahitaji intaneti ya nguvu na programu za kununua kila mwaka, na kwamba mashine yangu ingefaa zaidi kuatamishia mayai kwa kuwa inatoa joto. Wenzangu waliniita Mama Kuku mpaka nikazoea kuitika.

Mwalimu Haruna alisikia wakinitania. Yeye ni mtu wa pwani, hata sasa akila chungwa la Kipatimu hufumba macho, lakini milima yetu ameshaijua. Aliniuliza kama nimewahi kumwona mtu wa huku akimuuzia jirani yake vipando vya muhogo. Nikamwambia hapana, hilo lingekuwa jambo la aibu. Anayehitaji hukata shambani kwa jirani, na jirani akiharibikiwa mwaka mwingine huja kukata kwake. Akasema basi wako watu duniani wanaoandika programu kwa moyo huo huo. Wanaitengeneza, wanaiacha wazi ili anayetaka aone ilivyotengenezwa, na kila mtu anakata kipando chake bure. Wiki iliyofuata aliniletea katika flashi kompaila ya lugha inayoitwa Pascal, pamoja na kurasa za kitabu alizozitoa kopi. Ni ndogo hivi kwamba ilikaa kwenye mashine yetu nzee bila kulalamika. Intaneti haihitaji hata chembe. Jafari alipoona imekubali alisema kwamba ni bahati tu, lakini siku hizi huja kuniuliza maswali huku akijifanya amepita njia.

Pengine hujui kompaila ni nini, na mimi napenda kueleza. Mashine haielewi maneno yetu. Kuna lugha za kompyuta zenye mkalimani, kama yule anayesimama kando ya padri mgeni na kutafsiri sentensi moja baada ya nyingine; padri akikosea katikati, waumini wameshasikia nusu. Kompaila hufanya namna nyingine. Inachukua maandishi yako yote, inaingia nayo ndani, inasoma tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na ikikuta kosa inatoka na kukuonyesha mstari, kabla mtu mwingine yeyote hajasikia. Haikasiriki. Mimi nilisahau nukta mkato, alama inayofunga kila sentensi ya Pascal, mara nyingi mpaka nikaziota zinaning'inia kwenye michungwa, na kila mara iliniambia kwa upole ule ule.

Programu yangu ya kwanza ilimuuliza mtu jina lake na kumsalimu. Nilimkalisha Mama mbele ya kioo. Aliandika jina lake kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayetafuta sindano, na mashine ikamjibu, "Hujambo Brigita." Mama alisimama. Aliuliza hicho kitoto kimelelewa na nani, kinachomwita mtu mzima kwa jina tupu wala shikamoo hakuna. Alisema kama ni kwa mambo hayo, kirudishwe kwenye godoro lake.

Nilicheka, lakini maneno yake yalinikaa. Niliwaza kwamba mashine haina kosa, haijafundishwa adabu. Na wakati ule ule habari za jubilei zilianza, kwamba kaka zetu wa Dar watakuja na watoto wao wote. Unakumbuka Krismasi ile walipokuja? Hukuwepo, lakini nilikusimulia. Kila mwanamume alikuwa anko na kila mwanamke anti, na mmoja wao alimwita Baba mkubwa Tomaso "bro". Baba mkubwa alimuuliza Baba kama hiyo ni dawa au ni tusi. Baba, ambaye ni mdogo wake na humheshimu sana, akamwongezea chai. Basi nikaamua kwamba zawadi yangu ya jubilei itakuwa programu ya ukoo wa Baba, Mzee Severini. Mtoto ataandika jina lake na jina la mtu aliyemwona uani, na mashine itamwambia amwiteje na amsalimu vipi.

Kazi hiyo nilidhani ni ndogo. Kwanza niliipa mashine habari za kila mtu: mama yake ni nani, baba yake ni nani, mwanamume au mwanamke, na nani alimtangulia kuzaliwa. Miaka sikuiandika, kwa sababu nilipomuuliza Baba mkubwa Tomaso alizaliwa lini alisema alizaliwa asubuhi. Kisha nikaandika kanuni. Kaka wa mama ni mjomba. Dada wa baba ni shangazi. Ndugu wa babu ni babu pia. Watoto wa kaka na dada ni mabinamu, wanaruhusiwa kutaniana, na mdogo humwita mkubwa kaka au dada. Mama alinisaidia huku akipepeta mchele, na kila nilipodhani kanuni zimekwisha alinikumbusha nyingine. Aliyoisisitiza ilikuwa ya utani. Alisema babu humtania mjukuu wa kike na kumwita mke wangu, na bibi humwita mke mwenzangu, na mjukuu ana haki ya kujibu hata mbele ya wageni. Lakini baba hataniwi, awe baba mzazi, mkubwa au mdogo; baba huheshimiwa. Alipofika hapo akasema ungo umejaa vumbi, akatoka nje.

Wakati huo huo mambo ya sare yalianza. Mama amechagua vitenge viwili. Cha kijani ni cha watoto wao, watakaosimama mbele pamoja nao wakati Baba Paroko akizibariki pete upya. Cha manjano ni cha wajukuu, watakaosimama nyuma yao. Fundi Kondo alikuja na futikamba yake shingoni akatupima uani, mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika, Mama alimwambia huyu bado anakua, mwache kwanza. Fundi Kondo alicheka akauliza kama nategemewa kuupita mlango kabla ya jubilei. Amekuja tena juzi, na Mama amemjibu vile vile. Jina lako lilipotajwa, Mama alisema usikatiwe kitambaa mpaka useme mwenyewe kwamba unakuja. Baba akasema taratibu kwamba Skola tangu zamani huja nyumbani siku ambazo hakuna sherehe. Niliyasikia hayo nikadhani anakulaumu. Sasa sidhani hivyo.

Basi programu ikakamilika, nikaanza kuijaribu. Mwalimu Haruna hutuambia programu ni kama chungu, hukiamini kabla hujakigonga na kusikia sauti yake. Nilianza na kaka Boniface, aliyekuwa amekuja kutazama. Niliandika jina lake na la Baba mkubwa Tomaso. Mashine ikajibu: "Mwite baba mkubwa. Mwamkie. Usimtanie." Boniface aliguna, akasema mashine hii imechelewa kuja duniani. Alinisimulia jinsi alivyofanya mzaha na upara wa Baba mkubwa siku moja ya mavuno, na Baba mkubwa akasimamisha kazi shamba zima, akamwambia, "Mimi ni baba yako. Mtani katafute kwa babu zako." Nilifurahi sana, kwa sababu kanuni ilikuwa imesema kweli.

Kisha nikaandika jina langu na la Baba mkubwa. Jibu likawa lile lile: nimwite baba mkubwa, nimwamkie, nisimtanie, na yeye ataniita mwanangu. Sawa kabisa, maana mimi na Boniface ni watoto wa baba mmoja. Lakini Baba mkubwa mwenyewe alikuwa amekaa kizingitini akifyonza chungwa, na dakika hiyo hiyo akaita, "Mke wangu, hicho kioo kitakupofua, halafu nani atanipikia?" Nami nikamjibu kama siku zote kwamba sitaolewa na mwanamume mwenye meno mawili, nitampikia nini zaidi ya uji? Akacheka mpaka mbegu ya chungwa ikampalia, tukampiga mgongoni. Niliporudi kwenye kioo, maandishi yalikuwa bado pale. "Usimtanie."

Dada, amenitania hivyo tangu nijue kusema, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza niliposhangaa.

Nilidhani ni kosa la programu. Nikajaribu mwingine. Niliandika jina la Imani, yule binti mdogo wa Boniface, na jina langu. Mashine ikasema Imani aniite shangazi, kwa kuwa mimi ni dada wa baba yake. Lakini Imani huniita dada. Nilimwita nikamwambia kuanzia leo sema shangazi. Alinitazama kwa dharau kama vile nimeomba aniite mbuzi, akasema, "Mama kasema wewe dada." Nikaenda jikoni kumuuliza shemeji Cecilia. Alisema watoto ndivyo walivyo, wanaokota maneno ovyo. Kisha akatia chumvi kwenye mboga, na baada ya muda mfupi akatia tena. Mchana ule sote tulikunywa maji mengi, na Boniface alipouliza chumvi imepanda au imeshuka bei, Cecilia alimwambia ale anyamaze.

La tatu sikulijaribu, lilikuja lenyewe. Nilikumbuka nilipougua malaria mwaka jana, Boniface akanipakia kwenye pikipiki mpaka zahanati, mvua ikitunyeshea. Sikuweza kusimama. Muuguzi alipomuuliza yeye ni nani wangu, alijibu mbio mbio, "Mimi ni mjomba wake." Muuguzi akaandika. Tulipokuwa tunasubiri dawa aliniambia alikuwa amechanganyikiwa kwa hofu, alitaka kusema kaka. Wakati ule nililiona jambo la kuchekesha tu.

Nilipitia kanuni zangu zote. Nilizisoma kwa sauti kama masomo ya misa. Hazikuwa na kosa. Kwa Boniface zilijibu kweli, kwa Cecilia, kwa watoto wa Dar, kwa watu wote. Zilikosea kwangu tu. Nilimweleza Mwalimu Haruna bila kumtajia majina, na aliniambia neno ambalo limenisaidia na kuninyima usingizi kwa pamoja. Alisema kanuni ikijibu kweli kwa watu wote isipokuwa mmoja, usiivunje kanuni. Tazama ulichoandika juu ya huyo mmoja, kwa sababu mashine haijui kubuni, inarudisha ulichoilisha.

Juu yangu nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu: mama Brigita, baba Severini.

Niliubadilisha kwanza kama mchezo. Nilijiandika mtoto wa kaka yetu mkubwa wa Dar. Kompaila ilipokea, kwa sababu yenyewe hutazama kama umeandika sawasawa, haiulizi kama ni kweli. Nikaendesha programu. Baba mkubwa Tomaso akawa babu yangu mwenye haki ya kuniita mke wake, na Imani akaniita dada, kama anavyoniita. Lakini Boniface akawa baba mdogo. Nikajaribu kaka yetu wa pili, ikawa hivyo hivyo. Hakuna baba mdogo anayemwambia muuguzi kwamba yeye ni mjomba. Ili Boniface awe mjomba wangu, lazima mama yangu awe dada yake. Na ukiniondoa mimi, Boniface ana dada mmoja tu.

Nilifuta jina la Mama nikaandika lako. Niliandika kwa haraka, kwa hiyo nilikosea jina mara ya kwanza, na kompaila ikanirudishia kwa upole wake. Niliandika tena. Mahali pa baba nilipaacha wazi. Programu ikapita. Niliiuliza mashine juu ya wale watatu, Baba mkubwa, Imani, Boniface, na kila jibu likawa sawa na maneno yaliyowatoka wao wenyewe. Mwisho nikaandika jina langu na jina lako. Ilijibu kwa maneno ambayo nilikuwa nimeifundisha mwenyewe: "Mwite mama. Mwamkie."

Hilo ndilo nililotaka kukuambia. Nalijua.

Sitakuficha jinsi nilivyolipokea. Asubuhi yake sikumwamkia Mama. Nilipita na ndoo kana kwamba sikumwona, nikashuka kisimani peke yangu. Hakunigombeza. Alinifuata. Magoti yake unayajua na ule mteremko unaujua, lakini alishuka mpaka chini, akanipokea ndoo, akasema siku hizi nasoma mno nitaugua. Nilimwamkia palepale, na aliitikia marahaba mara mbili. Tulipanda pamoja. Nadhani anajua kwamba najua, lakini hajaniuliza, nami sijamwambia. Sijamwambia mtu yeyote. Mwalimu Haruna amebeba bahasha tu.

Baada ya siku hiyo nilingojea nione kama nitajisikia nimedanganywa. Nimejichunguza vizuri, kama ulivyonifundisha kujichunguza kabla ya kitubio, na sikuona hivyo. Nimeona kwamba watu wengi walijaribu kudanganya kwa ajili yetu na kila mmoja alishindwa kwa namna yake. Baba mkubwa hakuweza kuninyima utani wa mjukuu. Cecilia hakutaka mtoto wake akosee kuniita. Boniface alipoogopa kwamba nitakufa, alisahau kusema uongo. Walikusitiri wewe, lakini mahali pangu katika ukoo hawakuninyima hata siku moja. Na wewe wakati nazaliwa ulikuwa na umri kama nilio nao mimi sasa. Mimi bado naota nukta mkato. Nimejaribu kujiweka pale ulipokuwa, nikaona ningefanya nini, na sikupata jibu lililo bora kuliko lako na la Mama.

Sikuulizi habari za siku zile. Ukitaka kunieleza utanieleza. Usipotaka, ile nafasi niliyoiacha wazi itabaki wazi, na programu inafanya kazi vizuri hivyo hivyo.

Nadhani pia nimeelewa kwa nini huji siku za sherehe. Kusimama mbele ya kanisa zima, wote tumevaa kijani, mimi kando yako kama mdogo wako, wenye kujua wakitutazama na wasiojua wakipiga picha, hiyo ni kazi ngumu kuliko ya dukani. Lakini Mama anazeeka. Kila gari likipiga honi barabarani anasimama mlangoni na kujifanya anaita kuku. Hatapata jubilei nyingine. Na kama ni mimi ninayekuzuia kuja, basi nakuomba usizuiwe tena na mimi.

Ndani ya bahasha utakuta flashi. Uzuri wa kompaila ni kwamba programu ikishapita kwake inaweza kusafiri peke yake; itafunguka kwenye mashine yoyote ya dukani kwako, bila kununua chochote. Hiyo ndiyo programu yenye jina lako. Ni hiyo moja tu, hapa nyumbani sikubakiza nakala. Watoto wa Dar watatumia ile ya zamani, nimeirekebisha tu kwamba mtu akiandika jina langu na la Baba mkubwa Tomaso iseme, "Hawa waacheni wenyewe." Ukitaka kuifuta iliyo kwenye flashi, ifute, sitahesabu kuwa umenikataa. Ukitaka kuja nayo, njoo nayo.

Fundi Kondo amesema gauni la msichana mwembamba kama mimi analishona kwa nusu siku. Vitambaa vyote viwili vipo vya kutosha, nimeviona kabatini. Mama amesema naendelea kukua, na ataendelea kusema hivyo mpaka ufike. Mimi sitachagua rangi. Ukishuka kwenye gari ukaniita mdogo wangu, nitaitikia kama nilivyoitikia miaka yote, nitachukua mzigo wako, nitavaa kijani, na hakuna atakayeona tofauti usoni mwangu. Ukiniita kwa neno lingine nitaitikia pia, na sidhani kama nitakumbuka mzigo.

Baba anakusalimu, anasema ule dawa za mguu usizihesabu tu. Mama anakusalimu. Boniface na Cecilia wanakusalimu, na Imani ameomba umletee kitu ambacho amekataa kukitaja. Baba mkubwa Tomaso anasema umwambie lini unakuja, apate kunyoa hizo nywele mbili alizo nazo. Nisalimie jirani zako wa Rasbura na wenzako wa dukani. Mungu akulinde njiani, maana naiandika barua hii nikiamini uko njiani tayari.

Ni mimi ninayekupenda,

Getrude